Siku moja Bled pamoja na watoto

Bled, mji wa Slovenia ulio kando ya ziwa katika milima ya Alps, unatosha siku moja mkianza mapema. Mabasi kutoka Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, hufika mjini. Stesheni ya treni ya Lesce-Bled iko kilomita 4 hivi nje, kwa hiyo familia yenye mizigo ichague basi.

Anzeni na kasri kabla jua halijakolea, maana liko juu ya jabali, kama mita 130 kutoka ziwani.

Kisha kisiwani kwa pletna, mashua ya mbao inayopigwa makasia. Kwa kawaida husubiri abiria wajae, basi msijipangie ratiba ya dakika kwa dakika. Kaeni atakapowaelekeza mpiga kasia. Uzito ukiegemea upande mmoja, mashua huinama. Gatini zinaanza ngazi 99: kigari cha mtoto hakifai kabisa, mbebeni mgongoni. Ulizeni mapema saa ya kurudi. Chukueni euro taslimu.

Alasiri zungukeni ziwa, kilomita 6 za njia tambarare. Hapo kigari kinapita vizuri. Watoto wakichoka, wanunulieni kremna rezina, keki ya kastadi na krimu.