Jinsi ya Kuchunguza Habari za Majasusi wa Kigeni Katika Nchi Rafiki Wakati wa Vita

Tangu al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda Bay tarehe 5 Januari 2020 na kuwaua Wamarekani watatu, mazungumzo ya mabarazani hapa Lamu kuhusu wageni wa kijeshi hayakosi kutaja majasusi. Kijana anayetaka kulizungumza jambo hili kwa elimu na aanzie Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambavyo nyaraka zake nyingi zimekwisha kufunguliwa.

Swali la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kama mwenyeji, yaani nchi iliyowapokea majasusi hao, alijua. William Stephenson alipofungua ofisi ya ujasusi ya Uingereza mjini New York mwaka 1940, wakuu wa Marekani walijua, na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilibadilishana naye habari. Hata hivyo usiridhike upesi, bali uliza walijua kiasi gani. Tarehe 27 Oktoba 1941 Rais Roosevelt alitangaza kwamba anayo ramani ya siri ya Wajerumani inayoigawa upya Amerika ya Kusini. Ramani hiyo ilipitia kwa watu wa Stephenson, na wanahistoria wengi wanaamini ilighushiwa. Aliyeruhusiwa kukaa hakuwa ameruhusiwa kumdanganya aliyempokea.

Linganisha na Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyefika Marekani mwishoni mwa 1943 pamoja na wataalamu wa Uingereza, kisha akawapa Wasovieti siri za bomu la atomiki kutoka Los Alamos, maabara ya Marekani lilikotengenezwa bomu hilo. Wakati huo nchi zote tatu zilikuwa upande mmoja wa vita, lakini hapa mwenyeji hakuambiwa lolote.

Kisha pima ushahidi. Fuchs alikiri mwezi Januari 1950, lakini kukiri peke yake kusikutosheleze: tazama pia simu za maandishi (telegramu) za siri za Wasovieti ambazo Wamarekani walianza kuzichambua mwaka 1943 katika mradi wa Venona, na ambazo umma ulianza kuonyeshwa mwaka 1995. Ushahidi wa njia mbili zisizotegemeana una nguvu zaidi, ingawa jina la bandia ndani ya simu halimtaji mtu mpaka lithibitishwe kwa habari nyingine.

Usisahau kuuliza mwenyeji ni nani hasa. Mwaka 1942 wafumbuzi wa misimbo wa Uingereza walihamia Mombasa, katika shule ya Allidina Visram, wakasoma mawasiliano ya Wajapani kutoka hapo. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa mwenyeji wao. Wenyeji wa pwani hawakuulizwa, na ni haki yetu kulisema hilo waziwazi tunapofundisha historia hii.

Kwa habari za leo, andika kila dai pamoja na tarehe na chanzo chake, na lisilo na chanzo liache. Usimtaje jirani yako, mvuvi wala mgeni kuwa jasusi kwa kumshuku tu, kwani katika wilaya yenye operesheni za usalama neno kama hilo laweza kumfikisha mtu kizuizini.