Somo: Jinsi ya kumtambua Narasimha, mungu mwenye kichwa cha simba, kwenye mahekalu ya India

Wengi wakifika mbele ya sanamu hii hukimbilia usoni: macho yamemtoka pima, meno nje, kinywa wazi. Ukianzia hapo utapotea, maana uso wa simba hukaribia kufanana kila hekalu. Anzia mapajani.

Hatua ya 1: Kijue kisa. Hiranyakashipu, mfalme wa majitu, alipewa na Brahma, mungu muumbaji, ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, usiku wala mchana, ndani wala nje, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Kiburi kikampanda, akataka kumuua hata mwanawe Prahlada kwa kosa la kumwabudu mungu Vishnu. Alipouliza kwa kejeli kama huyo Vishnu yumo hata ndani ya nguzo, nguzo ikapasuka. Vishnu akatoka akiwa nusu mtu nusu simba, ndiye Narasimha, saa ya magharibi, akamkamata pale kizingitini, akamlaza mapajani na kumrarua kwa kucha. Basi unapotazama jiwe, tafuta hizo nguzo, kizingiti, paja na kucha. Mchongaji hodari haachi hata sharti moja bila jibu.

Hatua ya 2: Tazama nani yuko mapajani. Akiwa ni Hiranyakashipu, tumbo limepasuliwa, huyo ni Narasimha mkali. Mifano ninayoipenda kuliko yote iko Belur na Halebidu, Karnataka, kazi ya mafundi wa ufalme wa Hoysala. Hekalu la Belur lilianza kujengwa mwaka 1117. Walitumia jiwe la sabuni, jamii ya lile la Kisii, ambalo ni laini likitoka machimboni na huwa gumu likipigwa na hewa. Ndiyo maana waliweza kuuchonga utumbo ukivutwa juu kama shada la maua, na bado kila ushanga wa shingoni unahesabika.

Akikaa mke wake Lakshmi kwenye paja la kushoto, hasira imekwisha. Na ukiona paja tupu, miguu imekunjwa na mkanda umezunguka magoti, huyo yuko kwenye yoga.

Hatua ya 3: Mikono. Mikono ya juu kwa kawaida hushika kisahani cha vita na kombe la kupuliza. Hizo ni alama za Vishnu.

Hatua ya 4: Uliza ni nini kimevunjika. Hatua hii hurukwa sana. Sanamu maarufu ya Hampi, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Vijayanagara, yenye urefu wa mita 6.7, ilichongwa kwenye mwamba mmoja mwaka 1528 wakati wa mfalme Krishnadevaraya. Watu huiita ya ghadhabu, kwa macho yale na mikono iliyokatika. Lakini zunguka nyuma yake: kuna mkono mdogo wa mwanamke umemkumbatia kiunoni. Ni wa Lakshmi, aliyekuwa amekaa pajani kabla sanamu haijavunjwa, inavyosemwa ni baada ya Vijayanagara kushindwa vitani mwaka 1565. Kwa hiyo ile ghadhabu inayopigwa picha kila siku ilikuwa na mwenzake wa kuituliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Lamu: Huwa anachongwa akiua tu, au amekaa tu?
Jibu: Hapana. Pango la 3 la Badami, hekalu lililochongwa mwambani mwaka 578, linamwonyesha amesimama kwa utulivu kabisa. Ellora, pango la 15, bado wanapambana: Hiranyakashipu ana upanga na ngao, naye ameshakamatwa.

Mpenda Historia: Nimeona picha ya kiumbe mwenye mabawa akimdhibiti. Ni nani anayethubutu?
Jibu: Ni Sharabha, umbo la mungu Shiva. Wafuasi wa Shiva husimulia kwamba Narasimha alishindwa kupoa baada ya kuua, ikabidi atulizwe. Wafuasi wa Vishnu hawakikubali kisa hicho. Yupo kwenye hekalu la Darasuram, Tamil Nadu, la karne ya 12. Ugomvi wa madhehebu, basi, umechongwa ukutani.

Mwalimu wa Sanaa: Nisimchanganye vipi na Durga?
Jibu: Durga ni mungu wa kike mwenye uso wa mwanamke, na simba ni kipando chake. Adui yake ana kichwa cha nyati.

Msafiri: Nakwenda hekalu la Simhachalam, karibu na Visakhapatnam. Nitamwona?
Jibu: Utaona donge la liwa. Sanamu hupakwa msandali mwaka mzima, na umbo lake halisi huonyeshwa siku moja tu, sikukuu ya Akshaya Tritiya, kati ya Aprili na Mei. Siku hiyo foleni ni ndefu mno. Viatu utaviacha nje, na kamera usiitoe kwenye chumba cha ndani. Kama shabaha yako ni michongo, tumia muda kwenye kuta za nje, hazipakwi kitu.