Kabla ya Kumwandikia Mnunuzi wa Kahawa Aliye Ng'ambo: Mambo ya Kuzingatia

Barua pepe ya kubisha hodi kwa mnunuzi wa kahawa aliye Tokyo au Chicago huandikwa kwa nusu saa, lakini hatima yake huamuliwa na kazi iliyofanyika wiki kadhaa kabla. Chama kimoja cha ushirika nilichokisaidia kuandika barua zake kilijibiwa siku ya pili tu, mnunuzi akiomba sampuli. Kahawa yetu ilikuwa bado ghalani na maganda yake, haijakobolewa wala kuonjwa, na sampuli zilipoondoka wiki tano baadaye mnunuzi yule alikwisha kujaza nafasi yake kwingine. Tangu hapo siruhusu barua hata moja itoke kabla ya sampuli kuwa mezani, zimefungwa na kuandikwa namba ya shehena.

Jambo la kwanza, basi, ni kuujua mzigo wenyewe kwa namna ambayo mnunuzi atauliza. Atataka kujua wilaya na mwinuko wa mashamba, aina ya mibuni, kama kahawa ilioshwa au ilikaushwa na tunda lake, mwezi wa mavuno, daraja la ukubwa na umbo la punje (AA, AB au PB), unyevu, ambao kwa kawaida hutakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 12, na alama alizotoa muonjaji aliyefuzu, maana kahawa inayofikisha alama 80 kati ya 100 ndiyo huanza kuhesabiwa kuwa ya daraja maalumu. Anayeiandikia Japani aongeze uangalifu: huko kahawa ya Tanzania ya aina ya arabika imezoeleka kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata ikiwa imetoka Mbeya au Mbinga, kwa hiyo mkulima wa kusini anapaswa kueleza kwa sentensi moja iliyo wazi kahawa yake inatoka wapi.

Nyaraka zifuate. Leseni ya kusafirisha kahawa nje, inayotolewa na Bodi ya Kahawa Tanzania, iwe mkononi mwako au mwa msafirishaji mnayeshirikiana naye. Kwa Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 2023/1115 inataka kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inadai majiranukta ya kila shamba, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani: nukta moja inatosha kwa shamba lisilozidi hekta 4, lakini kubwa zaidi huchorewa mipaka yake. Ingawa tarehe ya kuanza kutumika kwake imesogezwa mbele, kupima mashamba ya wanachama mia tatu si kazi ya kuanza siku mnunuzi anapouliza.

Katika kuchagua wa kumwandikia, nashauri majina kumi na matano yaliyochunguzwa vizuri badala ya orodha ya mamia iliyonunuliwa. Mkaangaji mdogo anayetumia magunia kumi kwa mwaka hawezi kupokea kontena la futi 20, ambalo hubeba takriban magunia 320 ya kilo 60. Huyo hununua kupitia mwagizaji, na mwagizaji ndiye wa kutafutwa. Soma anachouza sasa, tafuta jina la mtu anayenunua kahawa mbichi, kisha angalia sheria za nchi yake. Marekani, sheria ya mwaka 2003 inaruhusu barua ya biashara isiyoombwa, mradi iwe na anwani halisi ya posta na njia ya kujitoa asiandikiwe tena, na anayejitoa aheshimiwe ndani ya siku 10 za kazi. Ujerumani ni kinyume chake: tangazo la biashara kwa barua pepe linahitaji idhini ya mpokeaji kwanza, hata baina ya kampuni na kampuni. Huko ni afadhali kuanzia kwenye maonyesho ya biashara au kwa kutambulishwa na mtu mnayefahamiana naye nyote wawili.

Barua yenyewe inatutesa kwa sababu ya malezi yetu mema. Tumefundishwa kutanguliza salamu, kuuliza hali na kushukuru, ila kwa msomaji asiyekujua aya nzima ya salamu chini ya kichwa kisemacho "Fursa ya Biashara" inafanana mno na barua za matapeli. Salamu iwe mstari mmoja. Kichwa kitaje mzigo: "Kahawa ya Mbinga, AB, magunia 40, sampuli tayari". Kisha eleza kwa nini umemchagua yeye, taja sifa tatu au nne za kahawa, na umalizie kwa ombi moja tu, kwamba umtumie gramu 350 za kuonja. Picha nzito zisiambatishwe.

Tokyo imetutangulia kwa saa sita, na wiki ya sikukuu ya mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, kama ilivyo katikati ya Agosti, ofisi nyingi huko hufungwa. Mkipanga mazungumzo, andika 10:00 na utaje ni saa za mji gani, kwa kuwa "saa nne" yetu ikitafsiriwa kwa haraka hugeuka 4:00. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kumi, ukiwa na jambo jipya la kumweleza.

Mwisho, mkubaliane ni nani atakayefungua sanduku la barua kila asubuhi na nani mwenye mamlaka ya kutaja bei. Soko la New York hunukuu arabika kwa ratili (takriban gramu 454), nasi huhesabu kwa kilo. Dola 8 kwa kilo ni takriban Dola 3.63 kwa ratili, na anayechanganya vipimo hivyo anaweza kuuza kwa chini ya nusu ya bei aliyokusudia. Kila bei iandikwe pamoja na kipimo chake, ijulikane kama ni ya mzigo ukiwa melini Dar es Salaam au ukiwa ghalani, na itajwe siku itakapokoma kutumika.