Kununua nyumba ya mnada wa benki nchini Kenya
Kabla nyumba haijafika mnadani, mkopaji lazima awe amepewa na benki notisi ya siku 90 ya kulipa deni, kisha ya siku 40 ya kuuza; dalali naye humpa siku 45 za kulikomboa jengo kwa kulipa deni. Omba nakala zote. Notisi ikikosewa, mwenye nyumba hukimbilia mahakamani na mnada ukasimamishwa, hata asubuhi ya siku yenyewe.

Kagua hatimiliki katika ofisi ya ardhi, ulizia malimbikizo ya kodi ya kaunti, kisha nenda ukaone nani anaishi humo: kumtoa mara nyingi huwa mzigo wako. Nyundo ya dalali ikigonga kwako, yaani umeshinda mnada, kwa kawaida unalipa amana ya asilimia 25 ya bei papo hapo, salio ndani ya siku 90. Mkopo wako wa kulipia salio ukichelewa, amana huenda ikapotea. Ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, je? Asilimia 4 mjini, 2 mashambani.