Kukagua maua ya bangi ya wakulima wadogo: lebo, pua, kidole na lenzi

Kanada imeruhusu bangi kwa watu wazima tangu 17 Oktoba 2018 (Tanzania na Kenya bado ni jinai, kwa hiyo haya ni ya Kanada). Kopo huuzwa likiwa limefungwa, ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye lebo.

Tafuta tarehe ya kufungashwa. Ndani ya miezi mitatu ni nzuri. Likikaribia mwaka, liache dukani hata kama bei imeshuka. Ila hiyo si tarehe ya kuvuna. Ua huenda lilishakaa ghalani miezi kadhaa. Mkulima anayeandika na tarehe ya kuvuna, mpe kipaumbele. THC, kemikali inayolewesha, huandikwa kwa miligramu kwa gramu, na ya kusoma ni ile jumla (Total THC): 220 ni asilimia 22. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopigwa. Ua la 180 lenye harufu hai ni bora kuliko la 280 lililokauka kau.

Ukifungua, nusa kabla hujagusa. Harufu itoke yenyewe: limau, msonobari, pilipili manga, hata mafuta ya taa. Ikinuka nyasi kavu, ua lilikaushwa haraka mno. Kukausha kwa utulivu huchukua siku 10 hadi 14, kisha wiki kadhaa za kuivia mitungini. Ikinuka amonia, kama choo cha mkojo, lilifungwa likiwa bichi. Kama hunusi kitu, lipasue. Na ndani nako kukiwa kimya, limechakaa. Ni kama karafuu isiyotoa mafuta ukiibana kwa ukucha.

Sasa libonyeze: lirudi taratibu. Vunja kikonyo chembamba. Kinatakiwa kilie "ka" huku nyuzi mbili tatu za ganda zikishikilia. Kikipinda tu, unyevu umezidi. Ua likisagika kuwa unga, limekauka mno. Kipakiti cha unyevu (asilimia 58 au 62) hulainisha ua, lakini harufu iliyokwenda hairudi.

Lenzi ya kukuza mara 30 hadi 60 inatosha. Vitone vya utomvu vimesimama kama viuyoga vya kioo: vyeupe kama maziwa vimekomaa, vinavyopenyeza mwanga vilivunwa mapema, vya rangi ya kaharabu vilichelewa au vimezeeka. Vichwa vya vitone vikiwa vimekatika na uso wa ua umesawazika kama jiwe la mtoni, limepitishwa kwenye mashine.

Ukungu ndio wa kuogopa. Ule wa kijivu huanzia ndani, kwenye shina, kwa hiyo pasua ua kubwa kuliko yote. Ule mweupe umelala juu ya jani kama unga uliomwagika, haung'ai, vitone hung'aa. Usichambue sehemu iliyoharibika ukabakiza nyingine. Rudisha kopo zima na risiti, lebo yake ikiwa na namba ya loti.

Lililo zima liweke gizani, kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, nyuzi 15 hadi 21. Si kwenye friji: unyevu hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa.