Bagamoyo: acha machweo, fuata kamba

Ukishuka ufukweni Bagamoyo na simu yako, sahau ile picha ya jahazi na jua linalozama. Pale jua halizami baharini, linachomoza. Mimi hungoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yakishakupwa mbali: mashua zimelala ubavu, kamba za nanga zimetanda mchangani kama mistari ya daftari. Chuchumaa, simu karibu iguse mchanga, fuata kamba moja kwa jicho mpaka kwenye chombo. Kidimbwi kimoja chenye kivuli cha mlingoti kinatosha kuwa picha nzima. Rangi iliyobanduka ubavuni nayo tamu, ila sogea mwenyewe. Ukivuta kwa vidole picha inapoteza ukali. Wavuvi wasalimie kwanza, simu baadaye.