Jinsi ya kuweka WordPress kwenye kompyuta yako mwenyewe

Kama ndo unaanza na WordPress, yaani programu ya kutengenezea tovuti, usikimbilie kulipia hosti (huduma ya kuweka tovuti hewani), jifunzie kwanza kwenye kompyuta yako, ukiharibu unafuta unaanza upya. Pakua XAMPP, programu inayoifanya kompyuta yako iwe kama seva, iweke, ifungue alafu washa Apache (inayofungua kurasa za tovuti) na MySQL (inayotunza databesi) mpaka majina yote mawili yawe kijani. Kisha pakua WordPress kutoka wordpress.org, ni bure, fungua zipu na folda la wordpress lipeleke ndani ya htdocs, folda lililo ndani ya folda la XAMPP.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama, databesi, yaani hifadhi ya taarifa za tovuti, unaitengeneza wewe mwenyewe kabla. Kwenye brauza andika localhost/phpmyadmin (localhost ni kompyuta yako hiyohiyo, phpmyadmin ni ukurasa wa kusimamia databesi), tengeneza databesi mpya, ipe jina mfano tovuti, basi. Ukishamaliza fungua localhost/wordpress, itakuuliza jina la databesi unajaza tovuti, jina la mtumiaji root (mtumiaji mkuu wa databesi), na kwenye paswedi futa kilichoandikwa uache wazi kabisa, hosti ya databesi ni localhost, ile wp_ (mwanzo wa majina ya majedwali) iache ilivyo. Root bila paswedi ni ya kujifunzia tu jamani, kwenye tovuti iliyo hewani usithubutu!

Ikikataa kuunganisha na databesi usipaniki, mara nyingi ni herufi moja ya jina imekosewa au MySQL imezimika, anzia hapo.